Safari ya kwenda kwa Wasami mwisho wa baridi

Mtu akisikia kwamba Mkongo anataka kuchukua mke na watoto, kuwapandisha katika motokari na kuwapeleka nchi ya theluji katika juma la Pasaka, lazima atauliza: Kuna nini kule? Ndugu zangu wa Bukavu wameniuliza hivyo kwa simu, na mama yangu ameuliza mara tatu. Basi, wasomaji wapenzi, nataka kuwajibu hapa polepole, ili wengine pia wasikie.

Mimi ni mtu wa Kivu, lakini kwa miaka mingi sasa tunakaa Tromsø, mji wa kaskazini ya Norwei. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Toka mwisho wa mwezi wa kumi na moja mpaka katikati ya mwezi wa kwanza, jua halitoki hata kidogo. Watu huenda kazini gizani na kurudi gizani. Tumezoea. Lakini ndani ya nchi hii mna nchi nyingine ambayo hatujaitembelea. Wenyeji wake huiita Sápmi, yaani nchi ya Wasami. Serikali za wengine zimeikata vipande vinne: kimoja Norwei, kimoja Uswidi, kimoja Ufini, na kimoja Urusi.

Sisi watu wa Kongo hatuwezi kushangaa jambo hilo. Waalur wako Kongo na wako Uganda. Walunda wako Kongo, Angola na Zambia. Ndugu wa ukoo mmoja hutenganishwa na mstari uliochorwa na watu wasiowajua. Wasami nao yaliwapata. Mwaka 1852 mpaka kati ya Norwei na Ufini ulifungwa, na Ufini wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wafugaji waliozoea kupita na wanyama wao kila mwaka wakakatazwa kupita.

Mnyama wao anaitwa reni. Ni jamii ya kulungu, mwenye manyoya mazito na kwato pana zisizozama upesi katika theluji. Siku za baridi hufukua theluji kwa miguu ya mbele ili ale kuvu mweupe anayeota juu ya ardhi. Msami hufuata reni kama mfugaji wa kwetu anavyofuata ng'ombe. Wakati wa baridi makundi hukaa bara, katika nyanda za juu karibu na Kautokeino na Karasjok. Baridi ikikaribia kwisha huanza safari ya kuelekea pwani, na katika mwezi wa tano majike huzaa. Si Wasami wote wanaofuga. Wengi ni walimu, wavuvi, waganga, makarani. Lakini hata asiye na reni hata mmoja anajua maana ya reni kwa watu wake.

Wazungu wengine huhesabu majira manne katika mwaka. Wasami huhesabu manane. Moja lao huitwa giđđadálvi, nalo liko kati ya baridi na masika. Theluji bado ni nene na usiku bado ni mkali, lakini jua limerudi, na mchana huwa mweupe mpaka macho yanauma. Ndiyo majira tunayotaka kusafiri. Kwa desturi, siku za Pasaka zilikuwa siku za Wasami kukusanyika Kautokeino kabla wafugaji hawajatawanyika pamoja na wanyama. Walifunga ndoa, walibatiza watoto, walilipana madeni. Hata leo kuna sikukuu kubwa juma lile: mashindano ya mbio za reni juu ya barafu, nyimbo, na watu waliovaa mavazi yao ya rangi ya buluu na nyekundu.

Sasa nije kwenye sababu yetu. Mwenzangu wa kazi ni mama mmoja Msami aliyezaliwa Kautokeino. Mjukuu wake atabatizwa katika juma la Pasaka ya mwaka 2027, naye ametualika. Mwaliko wenyewe ungetosha. Lakini nina sababu nyingine, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 13. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hataki tena kukisema. Nikimsemesha kwa Kiswahili, hujibu kwa Kinorwei. Bibi yake akipiga simu toka Bukavu, mtoto husema neno moja la salamu, kisha hunipa simu. Siku moja mama yangu aliniambia: "Mwanangu, mjukuu wangu nimemzaa, lakini simpati." Neno hilo halijatoka moyoni mwangu. Kumkemea mtoto hakufai. Lugha haiingii kwa fimbo. Nikafikiri: afadhali aone kwa macho yake watu waliokaribia kunyang'anywa lugha yao, na jinsi walivyoishika tena.

Maana Wasami walipita njia hiyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja, toka katikati ya karne ya 19, serikali ya Norwei ilitaka wawe Wanorwei kwa ulimi na kwa moyo. Watoto walipelekwa katika shule za kulala mbali na wazazi, na Kisami kikazuiwa darasani. Wengine walirudi nyumbani hawawezi kuzungumza na bibi zao. Wazee wanaosoma ukurasa huu wanakumbuka shule zetu, ambako mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivikwa alama ya aibu shingoni. Hawahitaji maelezo marefu.

Lakini Wasami hawakukubali kumezwa. Kati ya miaka 1979 na 1981 walipinga bwawa la umeme lililotakiwa kujengwa katika mto wa Alta, na vijana wao walifunga kula mbele ya bunge la Oslo. Bwawa lilijengwa hata hivyo, lakini nchi nzima ilikuwa imesikia sauti yao. Mwaka 1989 mfalme Olav V alifungua bunge la Wasami kule Karasjok. Mwaka 1992 sheria ikaanza kuwapa haki ya kutumia Kisami katika ofisi za serikali za wilaya kadhaa, Kautokeino ikiwamo. Mwaka 2023 tume iliyochunguza mambo yale ilitoa taarifa yake, na tarehe 12 ya mwezi wa 11 mwaka 2024 bunge la Norwei likaomba msamaha. Leo, kule Kautokeino, mtoto huenda dukani akaomba mkate kwa Kisami na kujibiwa kwa Kisami. Nataka mwanangu asikie jambo hilo dogo. Hotuba zangu amezichoka. Sauti ya mtoto mwenzake dukani inaweza kufika mahali ambapo mimi sifiki.

Haya, kutaka ni kutaka, na kwenda ni kwenda. Jioni moja tulitandaza ramani mezani. Mwanangu aliweka kidole Nordkapp, mwamba mrefu unaotazama bahari, mahali ambapo watalii hupiga picha na kusema kwamba wamefika mwisho wa Ulaya. Toka Alta ni zaidi ya kilometa 200 kwenda tu. Tena siku za baridi sehemu ya mwisho ya barabara haipitiki isipokuwa kwa msafara, nyuma ya motokari ya kusukuma theluji. Nilimwambia kwamba mwamba ule hautahama. Utakuwapo hata atakapokuwa na watoto wake. Mtoto atakayebatizwa atabatizwa mara moja tu. Alikunja uso, lakini aliondoa kidole.

Kisha mke wangu akauliza: "Baba watoto, na huyu mdogo je?" Binti yetu ana miaka 4, na kifua chake ni dhaifu. Hewa kavu ya baridi humfanya akohoe mpaka anakosa pumzi. Kautokeino si kama Tromsø yetu, ambapo bahari hupunguza ukali wa baridi. Kule bara, karibu na Karasjok, mwaka 1886 kipimo kilishuka mpaka nyuzi 51 chini ya sifuri, na baridi kupita hiyo haijapimwa Norwei. Mwezi wa tatu hauko hivyo, lakini usiku wa nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri unaweza kuja. Hospitali iko Hammerfest, zaidi ya kilometa 200 toka Kautokeino, ingawa kijijini kuna daktari. Mke wangu hakusema tusiende. Alisema: "Nataka kujua tutafanya nini siku mambo yakiharibika. Ukinijibu, nitafunga mizigo."

Nilimwendea daktari wa mtoto. Alisema kwamba anaweza kwenda, kwa masharti. Mdomo na pua vifunikwe kwa kitambaa cha sufu kila anapotoka nje. Asikimbie nje baridi ikiwa kali. Dawa yake ya kuvuta ikae katika mfuko wa ndani, karibu na mwili wa mama, maana dawa ile ikiganda haifanyi kazi vizuri. Tena tuwe nayo mara mbili, moja kwa mama na moja kwangu.

Kisha nilimwendea yule mama Msami, nikamwonyesha safari yangu niliyoiandika saa kwa saa. Aliisoma, akacheka kwa upole, akauliza: "Siku za hali ya hewa ziko wapi?" Sikumwelewa. Akaeleza kwamba katika nchi yao mtu hapangi siku za kwenda tu. Hupanga pia siku za kukaa. Upepo ukiinua theluji, dereva haoni hata mkono wake. Barabara hufungwa kwa mti wa kuzuia, na taa nyekundu huwaka. Hapo hakuna mjadala. Ama utangoja msafara, ama utarudi ulikotoka kulala. "Watu wanaopata hatari," alisema, "ni wale waliomwahidi mtu saa ya kufika."

Nimelifikiri sana neno hilo. Sisi tunajua kungoja. Kwetu tumengoja feri, tumengoja mvua ipungue ili lori litoke matopeni, tumengoja daraja litengenezwe. Lakini tukifika Ulaya tunajifunza saa, na tunaona haya kuchelewa. Kumbe huku juu kabisa ya Ulaya wako watu wanaojua kwamba saa haitawali kila kitu.

Basi tuliandika safari upya. Jumatatu ya Juma Kuu, tarehe 22 ya mwezi wa tatu, tutatoka Tromsø asubuhi, tupite Skibotn na kupanda mpaka Kilpisjärvi, Ufini. Ni karibu kilometa 160 tu, nasi tutalala huko. Jumanne tutashuka kwa barabara inayofuata mto wa mpaka. Ng'ambo ya mto ni Uswidi. Tutapita kijiji cha Hetta, kisha tutaingia tena Norwei na kufika Kautokeino: karibu kilometa 250. Saa ya Ufini iko mbele kwa saa moja, jambo la kukumbuka mtu akitaka kununua mafuta kabla duka halijafungwa. Ingawa polisi si kawaida kusimamisha watu mpakani, sisi wageni tutachukua pasipoti na karatasi zote za kukaa.

Jumatano ni siku tupu. Nilitaka kuitumia kwenda Karasjok kuona nyumba ya bunge na kanisa la zamani la mwaka 1807, lililosalia wakati majeshi ya Wajerumani yalipochoma nyumba za Finnmark mwaka 1944. Mke wangu alilifuta kwa kalamu yake. Kwenda na kurudi ni kilometa 260, na siku tupu ikijazwa si tupu tena. Alhamisi Kuu ni siku ya ubatizo na sikukuu. Ijumaa Kuu ni tupu vilevile. Jumamosi asubuhi tutashuka Alta, kilometa 130, ambako kuna parokia yetu ya Kikatoliki, tukeshe Pasaka pamoja nao. Usiku uleule saa za Norwei husogezwa mbele kwa saa moja. Asiyekumbuka atafika Misa ya asubuhi watu wakitoka. Barabara ikifungwa Jumamosi, tutabaki Kautokeino na kusali na wenyeji wetu, ambao wengi ni Walutheri. Jumatatu tutarudi Tromsø, ama kwa vivuko viwili vya baharini, ama kwa kuzunguka nchi kavu.

Kuna jambo la chakula pia. Norwei, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Jumapili na Jumatatu ya Pasaka maduka mengi yanafungwa. Kwa hiyo tutanunua yote mapema, tusiende kwa mwenyeji mikono mitupu na kumaliza akiba yake.

Motokari nimeitengeneza hivi. Mipira ina misumari midogo ya kushika barafu. Sheria ya kaskazini inairuhusu toka tarehe 16 ya mwezi wa 10 mpaka tarehe 30 ya mwezi wa 4. Kuna waya wa umeme wa kupasha injini moto usiku. Ndani mna koleo, kamba ya kuvutia, blanketi kwa kila mtu, chupa za chai ya moto, mkate, taa, na vizibao vya kung'aa. Tangi halitashuka chini ya nusu. Kabla ya kutoka nitapiga simu namba 175, ambayo hueleza hali ya barabara za Norwei. Tukikwama, hakuna atakayetoka kutafuta msaada kwa miguu. Tutakaa ndani pamoja, tutaita msaada kwa simu, na nitafukua theluji iliyoziba bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, maana moshi ule huua watu kimya wakiwa usingizini.

Juu ya hayo, yule mama alitupa mafundisho ya adabu, nami nimemwandikia mwanangu katika karatasi. Kwanza: ukiona reni barabarani, punguza mwendo, simama, usipige honi, nyuma ya mmoja wako wengine. Pili: usiyakaribie makundi ili upige picha. Majike sasa yana mimba, na baridi ndefu imeyakondesha. Ukiyakimbiza, nguvu ya mtoto tumboni inapotea. Mengi ya yale utakayoyaona na pembe mwezi wa tatu ndiyo hayo yenye mimba, kwa sababu madume makubwa huangusha pembe zao mapema. Tatu: usimpige mtu picha kwa ajili ya mavazi yake pasipo kumwomba, hakuvaa kwa ajili yako. Nne: usimwulize mtu ana reni wangapi. Ni kama kumwuliza ana fedha ngapi.

Niliposoma la nne, mtoto aliniuliza kwa Kinorwei kwa nini. Nilimweleza kwamba hata kwetu Kivu mfugaji mwenye heshima hatangazi hesabu ya ng'ombe zake, wala mgeni mwenye adabu haulizi. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwa Kiswahili: "Babu alikuwa na ng'ombe?" Nikamjibu: "Alikuwa nazo." Sikumwambia ngapi, naye akacheka. Sisemi kwamba ugonjwa umepona. Nasema kwamba aliuliza.

Zawadi yetu itakuwa kahawa ya Kivu. Wasami ni wanywaji wakubwa wa kahawa; mgeni akiingia, birika huwekwa motoni. Mke wangu atatwanga na kufunga mwenyewe. Nao, tumeambiwa, watatupa mchuzi wa nyama ya reni uitwao bidos, ambao hupikwa siku za harusi na sikukuu.

Ndugu zangu wa Bukavu, jibu langu ndilo hili. Hatuendi kutazama theluji. Theluji tunayo mlangoni. Tunakwenda kwa watu walioambiwa kwamba lugha ya mama zao haina kazi tena duniani, wakakataa kuamini. Na masharti ya mke wangu yameandikwa mwisho wa karatasi ya safari, tena kwa herufi kubwa: mtoto mdogo akianza kukohoa usiku, tunamwita daktari asubuhi na hatuendi mbele. Barabara ikifungwa, tunalala. Baridi ikipita nyuzi 30, tunabaki ndani ya nyumba na kunywa kahawa. Hata tusipofika Kautokeino, tutampigia mwenyeji wetu simu kumpongeza, na tutakwenda mwaka mwingine.

Mama yangu ameomba jambo moja tu. Siku ile ya ubatizo, anataka mjukuu wake ampigie simu yeye mwenyewe, amweleze alichokiona. Nimemwambia mtoto. Amesema atajaribu.